Mwezi Uliochelewa Itebero

Noela binti yangu,

Barua hii isifunguliwe mpaka Jumatano jioni, siku moja kabla hujapanda gari. Hivyo ndivyo nilivyomwambia motari, dereva wa pikipiki ninayemkabidhi, na yeye atamwambia mwenzake wa Walikale. Lakini nakujua. Nadhani leo ni Jumanne na unaisoma nyuma ya jiko. Si kitu, soma.

Mambo ya blanketi, ndoo na sabuni mama yako amekwisha kukuambia, na kama bado namjua, amekuambia mara mbili, ya pili akiwa amekasirika. Mimi sirudii. Sijakaa nyumbani vya kutosha kujua ndoo ipi inavuja. Nakuandikia juu ya lile swali lako la kwenye simu, la Krismasi.

Uliniuliza, "Papa, sasa Noël nitaimbia wapi?" Nikanyamaza, ukasema, "Allo? Allo?" ukadhani mtandao umekatika. Mtandao haukukatika. Hapa Itebero simu inashika ukisimama juu ya kisiki kimoja tu, na nyuma yangu watu sita walikuwa wakingoja zamu ya kusimama. Wa kwanza katika mstari alikuwa Amisi mwenyewe, mwenzangu wa kazi. Ningekujibuje mbele yake, na nyumba ya Goma tunayoizungumza ni ya dada yake?

Nyanya yako nilimsikia pia. Alikuwa mbali na simu lakini sauti yake haijawahi kuhitaji simu. "Mutoto anaitwa Noela, munamupeleka kulala ku nyumba ya Waislamu. Atarudi anaitwa Mwajuma." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu wewe hukucheka.

Basi tuseme mambo jinsi yalivyo. Shule ya uuguzi inaanza Jumatatu. Goma hatuna ndugu mwenye hata pembe ya chumba. Mtu pekee aliyesema "mulete mutoto" ni Mama Zaina, dada yake Amisi, ambaye hajawahi kukuona. Ukiikataa nyumba yake, mwaka huu shule inakwenda bila wewe, na mwaka ujao sijui. Mimi sitakulazimisha. Una miaka kumi na tisa, na mimi nimekulea zaidi kwa simu kuliko kwa mkono. Lakini kabla hujaamua, nataka usikie jambo ambalo sijalisema nyumbani, hata kwa mama yako. Nililifanya hapa, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Lakini nianze na maziwa, kwa sababu ujinga wangu ulianzia huko.

Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu Kibabi hakukuwa na Mwislamu hata mmoja. Kwa hiyo tulimcheka Msabato. Unaijua ile familia ya juu ya kilima, wenye ng'ombe. Baba yao, Papa Samweli, alikuwa bado hai. Siku za kazi aliuza maziwa, lakini Jumamosi hakuuza, kwa kuwa ni Sabato. Ng'ombe nao hawajui Sabato, lazima wakamuliwe. Na yeye hakuwa mtu wa kumwaga maziwa. Kila Jumamosi aliyaweka kwenye mlango wa ua wake, na aliyekuja na chombo alijaziwa, basi, aende zake.

Nyanya yako, huyu huyu anayelia sasa, ndiye aliyenituma na bidoni, dumu kubwa kuliko ya wote. Tulipanda tukiwa watoto kumi, tukisema "shikamoo, Papa" kwa adabu kabisa. Tukishuka, tukifika pale penye miti ya avoka asipoweza kutuona, tulianza kuimba wimbo wa kumcheka mtu anayekaa Jumamosi na kulima Jumapili. Na kwa sababu yeye hakufanya sikukuu ya Noël, asubuhi ya Noël tulikwenda kupiga masufuria kando ya ua wake, asije akasema hakusikia kwamba Yesu amezaliwa.

Mwaka mmoja alitoka. Tulitaka kukimbia lakini alikuwa amesimama tu, fimbo mkononi. Akasema, "Munapiga muzuri. Jumamosi musiache kukuya na bidoni." Akarudi ndani. Tulishuka tukijisifu kwamba ametuogopa. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba siku ile alikuwa ametujibu.

Wewe umekua ukiona mtoto wa Papa Samweli akituletea fromaji, jibini ya ng'ombe wao, kila Noël na kusema, "Mukule sikukuu yenu." Unadhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Haikuwa hivyo. Kuna watu walichoka kuchekana, mmoja mmoja, bila mkutano wowote. Mimi sikuwa kati ya wa kwanza.

Sasa Itebero. Unajua nilianza kwa kuchimba madini kule Bisie, wakati watu walichimba kwa mikono, halafu nikaja huku kwenye mbao. Wenye mashine wanapasua miti ndani ya msitu, na sisi tunabeba mbao begani mpaka barabarani. Njia ni nusu saa ukiwa na mzigo. Katikati kuna kijito, na daraja lake ni mti mmoja uliolazwa, unaoteleza. Kila mbebaji ana mbao zake za siku, safari nne. Kapita wetu, msimamizi wa kazi, hana ubaya, ila ana sheria moja: ukitaka kukosa siku, tafuta mtu wa kubeba zako juu ya zake. Safari nane. Jioni mtu huyo haongei.

Amisi nilimkuta hapa. Anatoka Kasongo, kule Waislamu ni wengi kama Wakatoliki wetu. Ni mfupi, anapenda utani, na ana shingo kama ya fahali. Noël yangu ya kwanza hapa nilitamani sana kwenda kusali, nikamwomba anibebee. Nikamwambia, "Na mimi nitabeba zako siku ya Idi." Akakubali. Alibeba safari nane, mimi nikaimba mpaka sauti ikakauka, nikala wali, nikalala usingizi wa mchana.

Ukaja mwezi wao wa kufunga. Noela, nitakuambia ukweli ulio mbaya kidogo. Mwezi ule nilianza kumchukia. Hakuwa amenikosea kitu. Alibeba safari nne kama mimi bila tone la maji, na katika ya nne alikuwa bado mbele yangu. Mimi nilikuwa nimekunywa chai, nimekula mihogo na maharagi, na bado nilikuwa naangalia visigino vyake. Nilichoka kushindwa na mtu mwenye tumbo tupu. Ningeweza kumheshimu kwa hilo. Nilichagua kukasirika.

Watu wote walisema Idi itakuwa Jumanne. Nikamwambia kapita, Jumanne nabeba za Amisi. Jumatatu jioni mawingu yakafunga. Wakangoja habari kutoka Walikale, na Walikale nao hawakuona kitu. Amisi akaja tulipokuwa tunakula, wabebaji wote tukiwa pale.

"Kaka," akasema, "mwezi haikuonekana. Kesho tunafunga tena. Wacha kesho nibebe zangu, keshokutwa njo unibebee."

"Tuliongea Jumanne," nikasema.

"Tuliongea Idi."

"Miye nilisikia Jumanne. Mwezi yako njo imechelewa, si miye."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Amisi, enda umupigie mwezi kelele." Na mimi nikakipenda kile kicheko, Noela. Nilikipenda kama nilivyopenda kile cha chini ya miti ya avoka. Kapita akainua mabega, akasema kila mtu afuate vile alivyopatana na mwenzake. Amisi akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa," akaondoka.

Jumanne nikabeba safari nane kwa ajili ya mtu ambaye siku hiyo hakuwa na sikukuu yoyote. Alishinda amekaa mbele ya kibanda, amefunga, hana la kufanya. Nilikuwa nampita na mbao begani, uso juu, kama mtu mwenye haki. Hata mpumbavu hajichoshi bure namna ile.

Jumatano ikawa Idi. Alikwenda kusali asubuhi mapema na wenzake wachache, akarudi, akavua kanzu, akaikunja vizuri, akavaa nguo za kazi, akaja kubeba. Na alikuwa amejipaka manukato. Njia yetu ni nyembamba, anayetangulia huwezi kumpita. Siku nzima, safari nne, nilitembea nyuma ya ile harufu. Msituni kwetu mtu anasikia harufu ya majani yaliyooza, jasho na mafuta ya mashine. Siku ile nilisikia Idi ya mtu, inapanda na kushuka mbele yangu na mbao juu yake.

Safari ya nne, pale penye mti wa kijito akasimama pembeni, akanipisha. Nikasema, "Idi njema." Akajibu, "Asante, kaka. Uangalie pale katikati, inateleza."

Ningependa kukuambia kwamba niliomba msamaha hapo hapo. Sikuomba. Nilivuka, nikaendelea. Nilikaa miezi na lile neno "inateleza" na sikusema kitu. Tulifanya kazi, tulitaniana hata, lakini mimi nilikuwa natania kwa mbali.

Noël ikakaribia. Sikumwomba mtu yeyote anibebee, ningemwombaje? Niliamua sitasali mwaka ule. Siku ya mwisho, tukirudi kutoka barabarani, Amisi akaniuliza, "Kesho unaenda kusali saa ngapi?"

"Siendi. Sikukuomba kitu, Amisi."

"Noël yenu haiangalie mawingu," akasema. "Mwaka yote nilijua siku yake. Sasa nifanye aje, niseme sikujua?"

Na akaenda kumwambia kapita.

Nilivaa shati nyeupe, ile ambayo mama yako alinitumia. Nikakaa katika shapeli ya Itebero karibu na mlango. Katekista akasoma jinsi Yosefu na Maria walivyozunguka wakitafuta mahali pa kulala. Ngoma zikaanza, wote wakasimama, na mimi sikuweza kuimba. Kila mara walipopiga ngoma nilikuwa nahesabu: sasa yuko kwenye kijito, sasa amefika barabarani, sasa anarudi kuchukua ya tano. Nikatoka kabla ya matoleo. Katekista aliniona, akadhani naumwa tumbo.

Nilimkuta Amisi na mbao ya sita begani. Nikashika upande wa nyuma.

"Rudi," akasema bila kugeuka. "Utachafua shati ya sikukuu."

"Weye ulibeba na manukato."

Akasimama. Akashusha ile mbao polepole, akageuka, akaniangalia. "Kumbe ulisikia ile harufu?"

"Siku muzima."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya mbao. "Nilipaka mara mbili," akasema. "Nilijua utakuwa nyuma yangu. Nilisema, huyu Mukristu leo atasali Idi na pua."

Noela, mimi nilikuwa nimeteseka miezi yote nikidhani nimemkosea mtakatifu. Kumbe alikuwa mtu tu, amekasirika kama watu, amelipiza kwa chupa ya manukato. Nilicheka na mimi, nikakaa kando yake, na shati ikachafuka kweli. Hapo ndipo nikasema, "Nilifanya vibaya." Akasema, "Ulifanya vibaya sana. Inuka, tumalize." Tukabeba zilizobaki sisi wawili, tukaenda kula wali wa Noël ukiwa umepoa. Alikula kuliko mimi.

Hilo ndilo jambo. Nimeliandika, na naona ni dogo. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyekufa. Lakini nimefikiri mara nyingi kwamba mabaya mengi yaliyopita katika nchi yetu yalianza na mtu kama mimi, aliyekaa kwenye chakula, aliyependa kicheko cha wenzake, akasema, tulipatana Jumanne.

Toka mwaka ule mimi na Amisi hatupatani siku. Tunapatana sikukuu. Wengine walituona, wakaanza na wao kupeana zamu hivyo, na sasa hapa kwetu mtu asiyemjua mwenzake wa kumbebea anaonekana mgeni. Hata katekista amebadilika. Zamani alisema wazi kwamba aliyekula nyama ya Idi asije mbele kukomunika, kupokea ekaristi. Alisema hivyo mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili kwa sauti ndogo. Mwaka wa tatu mke wa Amisi alipeleka sahani nyumbani kwake, imefunikwa na kitambaa, na sahani ikarudi imeoshwa. Hakuna aliyeuliza, na yale maneno hayakusikika tena. Mwaka jana nilimsikia akimwuliza kapita, "Sasa hawa Waislamu mwezi yao iko karibu ao bado? Nisiweke mafundisho siku ile."

Ungecheka ungeona jinsi tunavyoutafuta huo mwezi. Msituni mbingu haionekani, miti imeifunika. Lakini kuna mahali tulipopasua miti mingi, pamebaki visiki tu na mbingu yote iko wazi. Jioni ya mwisho ya kufunga tunapanda pale wote, na Wakristo ndio wanaopiga kelele zaidi, maana ni sisi tutakaobeba safari nane na tunataka kujua ni kesho ao keshokutwa. Mwaka jana katekista aliruka juu ya kisiki akasema, "Nimeiona, nimeiona, ile kule." Amisi akaangalia kwa utaratibu, akasema, "Katekista, ile iko taa ya motari." Kweli, baada ya dakika chache motari akafika, na bidoni mbili za mafuta, akakuta watu arobaini wamesimama wanamwangalia yeye. Akauliza amefanya nini.

Sasa Mama Zaina. Nimeongea naye mara moja, juu ya kile kisiki. Hakuniuliza mambo mengi. Aliuliza unakula nini na unaogopa nini. Nikamwambia ukweli, kwamba unaogopa Noël. Akasema, "Shapeli iko nyuma ya soko. Kila Jumapili minaisikia ikipiga ngoma, hata kama sitaki. Nitamuonesha njia." Halafu akauliza jina lako. Nilipomwambia, akalirudia polepole, nikaona sasa mambo yameharibika. Akasema, "Kumbe kila asubuhi nitakuwa naita Noël ndani ya nyumba yangu. Mume wangu atazoea." Nikasikia watoto wanacheka nyuma yake.

Basi swali lako limejibiwa na mwenye nyumba, si na mimi. Kama utakwenda, nakuomba machache tu. Msalaba wako usiufiche kwenye begi, hakuna aliyekuambia uufiche. Mwakani wakifunga, usifunge nao kwa kutaka kupendwa. Mtu anaweza kukaa kwenye nyumba akiwa yeye mwenyewe, na ukijifanya mwingine utachoka kabla ya mwezi kuisha. Usilolijua, uliza, hata kama ni swali la kijinga, mimi nilikuwa na mengi. Na wakikutania, ujue ni vizuri, ni siku wasipokutania ndipo uangalie umefanya nini. Mji huo una watu wa kila namna, na utakutana na wanaoishi kwa kuchekesha wenzao juu ya dini ya mtu. Watakuwa upande wao na upande wetu. Wewe mwenyewe siku moja kicheko kitakushika. Kikikushika, usijidharau sana, lakini usikae nacho miezi kama baba yako.

Pitia kwa mtoto wa Papa Samweli, umwombe fromaji moja ya kumpelekea Mama Zaina. Mwambie ni mimi nimeomba, na kwamba nitamlipa siku ya Jumamosi; atacheka, anajua kwa nini. Nyanya yako mwambie hivi: yeye alikunywa Sabato ya mtu miaka yote na hakuwa Msabato. Mwambie polepole, na ukae karibu na mlango.

Kama hutakwenda, nitaelewa, na barua hii haitakuwa deni juu yako. Nitamwambia Amisi mwenyewe, na nitatafuta namna nyingine, hata kama sasa siioni.

Lakini ukipanda gari Alhamisi, utafika Goma jioni, na ile jioni ndiyo wanayotoka kuangalia mwezi. Sikupanga hivyo, imekutana tu. Weka mizigo yako ndani, usiseme umechoka na safari, toka usimame nao uani uangalie. Unaweza kuwa wa kwanza kuuona, macho yako ni mazuri kuliko ya katekista. Mimi nitakuwa kwenye visiki, naangalia upande ule ule. Ukionekana, Idi ni Ijumaa. Usipoonekana, ni Jumamosi, na utamsaidia Mama Zaina kungoja.

Nimekwisha kumwambia kapita. Ijumaa nabeba mbao za Amisi. Na Jumamosi pia, kama itahitajika.

Baba yako,
niliye na bega moja lililoshuka kuliko lingine, na furaha yote juu yako.